Huyo mtu, wanamjua? Barua ya wazi kwa Kongresi ya Marekani

Waheshimiwa Maseneta na Waheshimiwa Wawakilishi,

Nawaandikia kwa Kiswahili kutoka Lewiston, jimbo la Maine. Najua wengi wenu hamkisomi. Lakini mnao wapiga kura wanaokisoma, hapa kwetu, na Portland, Columbus, Dallas na miji mingine mingi, na nataka wao wawe wa kwanza kujua ninachowaambia juu ya bunduki na sheria zake. Kuitafsiri si taabu. Mimi mwenyewe ni mkalimani, na mkiniita niisome mbele yenu kwa Kiingereza nitapanda basi usiku huohuo.

Nilizaliwa Kigoma, na uraia wa nchi hii niliuapia. Riziki yangu ni kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana: daktari na mgonjwa, mwalimu na mzazi, mwenye nyumba na mpangaji. Wengi ninaowasaidia ni ndugu zetu wa Kongo, watu wa Fizi, Baraka na Uvira, waliokaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi, wengine ishirini, kabla ya kuletwa huku kwenye theluji. Waliambiwa wanapelekwa nchi ya amani. Baadhi yao niliwaambia hivyo mimi.

Jumatano tarehe 25 Oktoba 2023, kama saa moja jioni, mtu mwenye bunduki aliingia kwenye ukumbi wa boling hapa mjini, jioni ambayo watoto wa ligi walikuwa wanacheza. Dakika chache baadaye akaingia kwenye baa upande mwingine wa mji. Watu 18 wakauawa, na wengine 13 wakajeruhiwa kwa risasi. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14, akafa pamoja na baba yake. Wanne walikuwa viziwi, wamekutana kucheza na wenzao.

Polisi walitangaza watu wasitoke nje. Tangazo lilikuwa la maneno matatu ya Kiingereza ambayo Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba, basi nikaandika: "Bakini ndani, fungeni milango, msimfungulie mtu, msitoke mpaka mtangaziwe." Nikalituma kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyonayo, kisha nikaanza kuwapigia wasiojua kusoma. Mama mmoja wa Fizi alipokea simu kwa kunong'ona. Sikuwahi hata kumaliza salamu.

"Kaka, taa nimezima kitambo. Watoto wako chini ya meza. Godoro nimeliegemeza dirishani."

Hakuna aliyemfundisha hayo Lewiston. Kisha akaniuliza swali moja tu:

"Huyo mtu, wanamjua?"

Alikotoka yeye, wenye bunduki huja usiku na kuondoka bila jina. Nikamjibu kwamba ndiyo, jina limeshatajwa na picha imeshatolewa. Akashusha pumzi. Tulikaa ndani siku mbili, hadi Ijumaa usiku mwili wa mtu yule ulipopatikana katika mji wa jirani wa Lisbon.

Swali la mama yule limeniganda. Maana wiki zilizofuata tulikuja kujua ni kwa kiasi gani alijulikana. Familia yake ilikuwa imewaeleza maofisa wa usalama tangu Mei kwamba anasikia sauti, tena ana bunduki nyingi. Alikuwa askari wa akiba, na Julai jeshi lilimlaza hospitali New York kwa wiki mbili kwa ajili ya akili yake. Agosti alikwenda kuchukua kiwambo cha sauti ya bunduki katika duka moja la Auburn, ng'ambo ya mto hapo, akajaza mwenyewe kwenye fomu kwamba amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Muuzaji akasoma fomu na kumnyima. Lakini bunduki aliyokuja kuitumia alikuwa ameshainunua Julai, siku chache kabla ya kulazwa, kihalali kabisa. Septemba askari mwenzake aliwaandikia wakubwa wake ujumbe kwamba anaamini mtu huyu atapasuka na kuua watu wengi. Tume huru iliyoundwa hapa jimboni ilitoa ripoti yake Agosti 2024, ikasema wazi kwamba maofisa walikuwa na sababu za kutosha kumshika na kuziondoa silaha zake, wala hawakufanya hivyo.

Hilo ni kosa la kwetu Maine, na Maine imeanza kulijibu. Ripoti ile haikuwazungumzia nyinyi. Ninawaandikia kwa sababu huko Washington kutojua hakukuja kwa bahati mbaya wala kwa uzembe wa ofisa mmoja. Mlikupigia kura.

Naomba mnivumilie nieleze, maana wasomaji wangu wengi hawajawahi kusimuliwa habari hii, na wanadhani Marekani, nchi inayohesabu kila kitu, inahesabu na hili.

Mwaka 1993 madaktari watafiti, kwa fedha za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, walichapisha matokeo kwamba bunduki ndani ya nyumba inaongeza hatari ya mtu kuuawa humohumo ndani. Chama cha wenye bunduki, NRA, kikaja juu. Mwaka 1996 mwakilishi wa Arkansas, Jay Dickey, akachomeka kifungu kwenye bajeti: fedha za CDC zisitumike kutetea wala kuhimiza udhibiti wa bunduki. Kifungu hakikusema neno "utafiti". Lakini Kongresi hiyohiyo ikakata dola milioni 2.6 kwenye bajeti ya CDC, kiasi kilekile ambacho kilikuwa kimetumika mwaka uliotangulia kuchunguza majeraha ya risasi. Wanasayansi wakaelewa walichoambiwa. Kwa zaidi ya miaka 20 taasisi kuu ya afya ya umma katika nchi hii iliogopa kuuliza kwa nini watu wake wanakufa kwa risasi.

Katika miaka hiyohiyo mliendelea kuzichunguza barabara. Ajali zilihesabiwa, mikanda ikaboreshwa, na mito ya hewa ikawekwa kwenye magari, bila mtu yeyote kunyang'anywa gari lake. Mfano huo si wangu. Aliutoa Dickey mwenyewe, mwaka 2012, alipoandika pamoja na Mark Rosenberg, yule aliyekuwa anaongoza utafiti wa majeraha pale CDC na aliyekuwa hasimu wake. Alikiri kwamba utafiti ulipaswa kuendelea. Wawili hao walikuwa wamekuwa marafiki. Mzee Dickey alifariki mwaka 2017, kabla Kongresi haijakubali, mwishoni mwa 2019, kutoa tena dola milioni 25 za utafiti. Naona aliwafungulia njia: mtu anaweza kuandika sheria, kuishi hadi aone ilichofanya, na kusema hadharani nilikosea.

Kwetu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini humu. Zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Tangu 2020 risasi ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana, mbele ya ajali za magari, mbele ya saratani. Juni 2024 Daktari Mkuu wa Serikali, Vivek Murthy, alitangaza kwamba huu ni msiba wa afya ya umma. Machi 2025 tangazo hilo likaondolewa kwenye tovuti ya wizara ya afya. Waliokufa wamebaki palepale walipozikwa. Kilichoondolewa ni karatasi iliyowataja.

Nije kwenye jengo moja la Martinsburg, West Virginia. Huko ndiko idara ya silaha, ATF, inakotafutia bunduki iliyookotwa mahali pa mauaji imetoka wapi. Mtu wa Kigoma, Bukavu au Mombasa, ambaye akipoteza laini ya simu anaambiwa jina lake lote kwa dakika mbili, atafikiri ofisa wa Marekani anaandika namba ya bunduki kwenye kompyuta na jina linatokea. Halitokei. Sheria mliyoipitisha mwaka 1986 inakataza serikali kuwa na daftari kuu la wamiliki wa bunduki. Kwa hiyo ofisa anampigia kiwandani aliyeitengeneza. Kiwanda kinamtajia msambazaji. Msambazaji anamtajia duka. Muuza duka anafungua kabati, anatafuta fomu iliyojazwa kwa kalamu. Duka likiwa limefungwa, makaratasi yake yamepelekwa Martinsburg, maboksi kwa maelfu, hadi mengine kuwekwa kwenye makontena nje ya jengo. Yanapigwa picha, ndiyo, lakini zile picha haziruhusiwi kutafutwa kwa jina la mtu. Mfanyakazi anakaa anapekua, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta jina la marehemu kwenye daftari la zamani la parokia.

Nimewahi kukaa na familia usiku kucha ikingoja habari ya mtu wake. Najua saa moja ina urefu gani. Kwa hiyo hili la Martinsburg linaniuma kuliko mengine mengi: mtambo upo, wataalamu wapo, namba imechongwa kwenye chuma, na anayetafuta amefungwa mikono na watu waliomtuma atafute.

Mwaka 2003 mkaongeza kifungu cha mwakilishi wa Kansas, Todd Tiahrt, kinachoizuia ATF kutoa kwa watafiti na kwa umma takwimu za bunduki zilizofuatiliwa. Mwaka 2006 mkaamua mkurugenzi wa idara hiyo lazima athibitishwe na Seneti, na kutoka hapo hadi mwaka 2022 mliwathibitisha wawili tu. Miaka mingine yote idara ilikaa na makaimu. Mwaka 2005 mliwakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki dhidi ya kesi nyingi za madai, na mahakamani ndiko nyaraka za ndani za kampuni hulazimika kutoka. Ndugu wa waliouawa Sandy Hook, shule ya msingi ya Connecticut, walipenya kwenye upenyo mwembamba, wakafikia makubaliano ya dola milioni 73 mwaka 2022, miaka karibu kumi baada ya kuwazika watu wao. Na katika makubaliano yale walisisitiza nyaraka ziwekwe wazi.

Ukiziweka sheria hizi pamoja, zina kazi moja: zinalinda watu wasijue. Nani ananunua, inapita wapi, inaua nani, aliyeitengeneza aliambiwa nini. Ndiyo maana swali la mama wa Fizi limenisumbua hivi. Alidhani kumjua mwenye bunduki ndiyo mwanzo wa usalama. Yuko sahihi, na kwa miaka 40 nyinyi mmekuwa mkiufunga mlango huo.

Mnaufunga kwa kumwogopa nani? Watu husema fedha, na fedha zipo. NRA ilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumuunga mkono Donald Trump mwaka 2016. Lakini nimewasikiliza watu wa huku wanaowinda na kupiga kura, na sidhani fedha ndizo zinazowatisha zaidi. Chama kile kilianzishwa mwaka 1871 kufundisha watu kulenga shabaha. Mwaka 1977, kwenye mkutano wao wa Cincinnati, wenye msimamo mkali wakauteka uongozi, na tangu hapo kikawa chama cha siasa. Kikaanza kuwapa alama wabunge kama watoto wa shule, A mpaka F, na kuzituma kwa wanachama kabla ya uchaguzi. Mwanachama huyo hukosi kumwona kwenye kura za mchujo, mvua inyeshe au theluji ianguke, na anapiga kura kwa jambo hilo moja. Wengine wote, wale wengi wanaotaka mnunuzi wa bunduki achunguzwe, wana mambo kumi wanayoyapima. Hapo ndipo mbunge anapopiga hesabu yake.

Leo chama chenyewe kimechakaa. Kiongozi wake wa miongo mitatu, Wayne LaPierre, alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama New York likaamua kwamba alitumia vibaya mamilioni ya fedha za wanachama. Lakini hofu haikujiuzulu naye, bado mnaipigia hesabu kila kura inapokaribia.

Tarehe 17 Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa Sandy Hook, Seneti ilipiga kura juu ya pendekezo la maseneta Joe Manchin na Pat Toomey: bunduki zinazouzwa kwenye maonyesho na mtandaoni, mnunuzi naye achunguzwe. Kura 54 zilikubali, 46 zilikataa, na kwa kuwa mlijiwekea kwamba zinahitajika 60, waliokuwa wengi wakashindwa. Kutoka roshani ya wageni mwanamke akapaza sauti kwamba ni aibu. Waliokataa walitoka vyama vyote viwili, kwa hiyo mtu asinisome hapa kama mpiga debe wa chama. Seneta wetu Susan Collins alikuwa mmoja wa Warepublican wanne tu waliokubali, na nampa heshima yake. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo mwaka 2019, likarudia 2021. Yote miwili ilifia Seneti.

Na pale mlipothubutu, hakuna kilichobomoka. Baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, mlipitisha sheria ya Juni 2022, Seneti ikiikubali kwa kura 65 dhidi ya 33, Warepublican 15 wakiwamo. Wanunuzi walio chini ya miaka 21 sasa wanachunguzwa zaidi. Wawindaji wa Maine wanawinda kama zamani.

Jirani yangu ni mmoja wao. Kila Novemba hutuletea mguu wa kulungu umefungwa kwenye karatasi ya bucha, na mke wangu huupika kwa nazi ya kopo na bizari. Bunduki zake zinakaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo anauvaa shingoni. Nilipomuuliza habari ya uchunguzi alisema amejaza fomu ile mara nyingi asizozikumbuka, haimchukui muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na haelewi kwa nini anayenunua kwa mtu barabarani asijaze. Nawaletea maneno yake kwa sababu mnalitumia jina la watu kama yeye kila mnapokataa.

Kati yenu yuko aliyetangulia kusema. Mwakilishi wetu Jared Golden, mwenyeji wa mji huu, mwanajeshi wa zamani, alikuwa anapinga marufuku ya bunduki za kivita. Siku moja baada ya mauaji alisimama hapa Lewiston, akasema alikosea na akaomba msamaha. Nilikuwa naitazama kwenye simu, chumba kizima kimya, na mzee mmoja wa Uvira ambaye Kiingereza hakimpandi akaniuliza, "Anasema nini?" Nilimtafsiria. Akasema hajawahi kumsikia mkubwa wa serikali akisema hivyo, nchi yoyote aliyoishi.

Ninachowaomba si kunyang'anya mtu bunduki. Pigeni kura ya wazi juu ya uchunguzi wa kila mnunuzi, kila mmoja kwa jina lake, na msiifiche nyuma ya zile 60. Futeni kifungu cha Tiahrt. Waruhusuni wale wafanyakazi wa Martinsburg watumie kompyuta kama inavyotumiwa katika kila ofisi ya nchi hii. Fedha za utafiti ziingizwe kwenye sheria, zisiwe za kukatwa kila upepo unapogeuka. Na lile la Charleston, mwaka 2015, ambapo muuaji aliuziwa bastola kwa kuwa siku tatu zilipita kabla uchunguzi wake haujakamilika, kisha akaua watu tisa kanisani: muda huo urefusheni, muuzaji angoje jibu.

Sisi huku hatukukaa tukiwangoja. Mwaka 2024 Maine iliweka saa 72 za kungoja kati ya kulipia bunduki na kuichukua. Kwa wale wanaotaka kujiua, siku tatu zinaweza kuwa uhai, na hilo nimelishuhudia kwa karibu kuliko ninavyoruhusiwa kusimulia. Lakini sheria ya jimbo huishia mpakani, na mpaka wa New Hampshire si mbali kwa mtu mwenye gari.

Tarehe 4 Novemba 2025 nilikwenda kupiga kura na yule mama wa Fizi. Amekuwa raia, ila Kiingereza cha karatasi ya kura bado kinamshinda, na sheria inamruhusu kuja na msaidizi. Swali la pili liliuliza kama mahakama iweze kumzuia mtu kwa muda asiwe na silaha, iwapo familia yake au polisi wataonyesha kwamba ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Nilimsomea polepole, kwa sauti ya chini. Akaniomba nirudie pale panaposema familia.

"Kwa hiyo mama akimwona mtoto wake anaharibika, anaweza kwenda mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, likipita. Akaweka alama kwa mkono wake. Lilipita. Tukiwa tunatoka, akiwa anafunga koti, akaniuliza wale wa Washington wao watapiga lini kura kama hiyo. Nilimwambia sijui, ila nitawauliza.

Mkalimani na mpiga kura wenu,
Lewiston, Maine